Ushuru kabla ya viza: makaratasi ya mdhamini anayeishi Lamu au Malindi

Raia wa Marekani anayeishi Lamu au Malindi na kutaka kuhamia Marekani pamoja na mume au mke wake Mkenya hukutana na makaratasi ya aina mbili, yale ya kuthibitisha ndoa na yale ya kuthibitisha fedha. Ya kwanza watu huyashughulikia mapema, kwa sababu cheti cha ndoa kutoka kwa kadhi au kwa msajili, picha za arusi na mawasiliano ya wanandoa ni vitu vilivyo karibu na moyo. Ya pili huachwa mpaka yaitishwe, na hapo ndipo mdhamini, yaani huyo raia, anapogundua kwamba hajawasilisha ritani ya ushuru Marekani tangu aliporudi pwani, au kwamba ritani aliyowasilisha inaonyesha kipato cha sufuri ilhali alikuwa akipokea mshahara kila mwezi. Mwongozo huu unahusu makaratasi hayo ya pili.

Ombi lenyewe huanza kwa fomu I-130, ambayo raia huitumia kumwombea mwenzake. Likikubaliwa, faili huhamishiwa Kituo cha Taifa cha Viza, kinachojulikana kwa kifupi NVC, ambako mwombaji hulipa dola 325 za ombi la viza na dola 120 za kukaguliwa kwa hati ya udhamini, kisha usaili hufanyika katika Ubalozi wa Marekani, Nairobi. Hati ya udhamini ni fomu I-864, na ndiyo inayobeba makaratasi ya ushuru. Baina ya kuwasilisha I-130 na kuitishwa I-864 hupita miezi kadhaa, na muda huo ndio wa kuunyoosha ushuru, kwa kuwa ritani iliyotumwa kwa posta huchukua muda mrefu kuonekana katika kumbukumbu za Idara ya Ushuru ya Marekani, yaani IRS.

Ni vyema mdhamini afahamu anachokitia sahihi. I-864 ni mkataba na serikali ya Marekani, unaomwajibisha kumkimu mwenzake mpaka mwenzake huyo apate uraia, au ahesabiwe robo 40 za mwaka za kazi, au aondoke Marekani moja kwa moja na kuachana na ukaazi wake, au afariki. Talaka haiuvunji mkataba huu. Mtu anaweza kutoa talaka yake mbele ya kadhi, eda ikaisha, kila mmoja akashika njia yake, na udhamini ukabaki palepale.

Maswali mawili ambayo karatasi za ushuru huulizwa

Afisa anayeikagua I-864 hutaka kujua mambo mawili yasiyofanana, na kuyachanganya ndiyo chanzo cha makosa mengi. La kwanza ni kama mdhamini ametimiza wajibu wake wa ushuru kwa miaka iliyopita. La pili ni kama atakuwa na kipato cha kutosha baada ya mwenzake kuingia Marekani. Ritani hujibu swali la kwanza kikamilifu, lakini la pili hulijibu nusu tu, kwa sababu kipato kinachohesabiwa ni kile kitakachoendelea kutoka chanzo kilekile baada ya kuhama. Mwalimu wa shule ya kibinafsi Malindi anayelipwa vizuri, mwenye ritani safi za miaka yote, hana kipato cha kuonyesha katika udhamini ikiwa kazi yake inakoma siku anayofunga mizigo. Ritani zake bado zinatakiwa, ila zitakuwa ushahidi wa uaminifu wake na si wa uwezo wake.

Kinyume chake ni yule anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa Lamu, mwajiri wake yuko Marekani, na kazi itaendelea popote atakapokaa. Huyu anachohitaji, pamoja na ritani, ni barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara wa mwaka, na kwamba ajira itaendelea atakapohamia Marekani. Barua isiyotaja jambo hilo la mwisho haina msaada mkubwa.

Ritani ya Marekani kwa kipato cha pwani

Marekani humtoza raia wake ushuru kwa kipato cha popote duniani, wala kukaa Shela au Watamu hakubadili jambo hilo. Hoja inayosikika mara kwa mara, kwamba mtu hakuwasilisha ritani kwa sababu kipato chake kilikuwa cha Kenya na tayari alikilipia ushuru KRA, haikubaliki katika I-864. Maelezo ya kutowasilisha hukubaliwa tu kwa mtu ambaye sheria haikumtaka awasilishe, kwa mfano kwa kuwa kipato chake kilikuwa chini ya kiwango, na hata hapo ni lazima aandike barua ya kueleza sababu.

Kiwango chenyewe huwashangaza wengi. Raia aliyeoa au kuolewa na mtu asiye mkaazi wa Marekani, na anayewasilisha ritani yake peke yake, anatakiwa kuwasilisha akiwa na kipato cha jumla cha dola 5 tu kwa mwaka. Kwa hivyo, kwa watu walio katika hali hii, ni nadra sana mtu kuweza kusema kwa haki kwamba hakutakiwa kuwasilisha.

Hali ya ndoa inayoandikwa kwenye ritani ni jambo la kuangaliwa kwa makini kabla ya mengine yote. Mtu aliyefunga ndoa mwezi wowote wa mwaka, hata Desemba, huhesabiwa ameoa kwa mwaka huo mzima, na akijaza kwamba hana mke ilhali I-130 inaonyesha tarehe ya ndoa, ameandika habari mbili zinazopingana kwa serikali moja. Akiona kosa hilo katika ritani za nyuma, dawa yake ni kurekebisha kwa fomu 1040-X kabla ya kutuma I-864. Chaguo la kawaida ni kuwasilisha kama mwanandoa anayejaza ritani yake peke yake, na mahali panapotakiwa nambari ya hifadhi ya jamii ya mwenzake, huandikwa herufi NRA, yaani mgeni asiye mkaazi, ikiwa mwenzake hana nambari hiyo wala hatakiwi kuwa nayo. Anayeishi na mtoto anayemtegemea na anayetimiza masharti ya IRS huenda akastahili daraja la mkuu wa nyumba, ambalo lina nafuu zaidi.

Ipo pia njia ya kumchagua mwenzake ahesabiwe kama mkaazi wa Marekani ili wajaze ritani ya pamoja. Njia hii ina gharama mbili. Kipato chote cha mwenzake, pamoja na cha duka, cha shamba au cha kodi ya nyumba, huingia kwenye ushuru wa Marekani. Na mwenzake hulazimika kupata nambari ya mlipaushuru kwa fomu W-7, inayotumwa pamoja na ritani ikiambatana na pasipoti halisi au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Kutuma kwa posta pasipoti ambayo itahitajika Nairobi siku ya usaili si busara, na kwa maoni yangu, kama hakuna faida kubwa ya ushuru, ritani ya mtu mmoja inatosha kabisa kwa shughuli ya viza.

Sasa tuje kwenye sufuri. Sheria inamruhusu raia anayeishi nje kuondoa kipato cha kazi alichokipata nje, kwa fomu 2555, mpaka dola 126,500 kwa mwaka wa 2024 na dola 130,000 kwa mwaka wa 2025, ikiwa ni mkaazi halisi wa nchi nyingine au amekaa nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12 mfululizo. Kipato hicho ni lazima kwanza kitajwe, ndipo kiondolewe, na matokeo yake ni kwamba mstari wa jumla ya kipato unaweza kusomeka sufuri. Afisa akipewa peke yake muhtasari wa ritani unaotolewa na IRS huona sufuri hiyo. Dawa ni kuambatanisha nakala kamili ya ritani pamoja na fomu 2555 yenyewe, ambayo huonyesha mshahara kabla haujaondolewa, na barua fupi ya kueleza uhusiano wa karatasi hizo mbili.

Njia ya pili ya kuepuka kutozwa mara mbili ni fomu 1116, ambayo huhesabu ushuru uliolipwa Kenya kama malipo dhidi ya ushuru wa Marekani. Viwango vya PAYE vya Kenya hupanda kutoka asilimia 10 hadi 35, kwa hivyo mwenye mshahara mzuri mara nyingi hujikuta hadaiwi kitu Marekani kwa njia hii pia, na kipato chake hubaki kikionekana kwenye ritani. Kwa mtu anayejiandaa kudhamini, hili ni jambo la kufikiriwa. Hata hivyo, aliyezoea kutumia fomu 2555 akiiacha rasmi hawezi kuirudia kwa miaka mitano bila idhini ya IRS, kwa hivyo asibadili njia kwa pupa. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutoza ushuru mara mbili, na anayekuambia utumie kifungu cha mkataba huo anakupoteza.

Mwenye biashara yake ana habari zaidi za kujua. Anayeendesha nyumba ya wageni kwa jina la biashara tu, bila kampuni, hujaza hesabu zake katika Jedwali C, na faida yake ikifika dola 400 hudaiwa ushuru wa kujiajiri wa asilimia 15.3. Fomu 2555 haiuondoi ushuru huu, wala hakuna makubaliano ya hifadhi ya jamii baina ya Kenya na Marekani ambayo yangemwepusha kwa sababu ya michango yake ya NSSF. Aliyeisajili biashara kama kampuni yenye hisa anaingia katika fomu 5471 ya hisa katika kampuni za nje, ambayo adhabu ya kutoiwasilisha huanzia dola 10,000. Huyo asijaze mwenyewe. Amtafute mhasibu anayezijua fomu hizo.

Mwaka wa ushuru wa nchi zote mbili huanza Januari na kuisha Desemba, jambo linalorahisisha kazi. Tarehe ya kawaida ya Marekani ni 15 Aprili, lakini anayeishi nje huongezewa muda bila kuomba hadi 15 Juni, na anaweza kuomba hadi 15 Oktoba kwa fomu 4868, ingawa riba ya deni lolote huanza kuhesabiwa Aprili. Ritani ya KRA hufungwa 30 Juni. Kwa hivyo anayeikusanya fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri mapema mwakani anaweza kumaliza ritani zote mbili kwa mkao mmoja, akitumia kiwango kimoja cha kubadilishia shilingi kuwa dola kwa mwaka mzima. Tofauti ya viwango baina ya ritani na I-864 huzua maswali yasiyo na maana.

Aliyenyamaza miaka mingi

Wapo waliozaliwa Marekani wakarudishwa Lamu wakiwa wachanga, na wapo waliopata uraia ukubwani, wakarudi nyumbani, na hawakujua kwamba IRS bado inawasubiri. Mtu wa namna hii anapoanza kumdhamini mke wake hushawishika kuwasilisha ritani ya mwaka mmoja tu, kwa kuwa I-864 hudai ritani ya mwaka wa karibuni na kuacha miaka miwili ya kabla yake iwe hiari. Ni kweli kwamba hati ya udhamini hudai mwaka mmoja, lakini sheria ya ushuru hudai yote, na I-864 hutiwa sahihi kwa kiapo.

Kwa asiyekusudia kuvunja sheria, IRS ina utaratibu wa kurekebisha kwa walio nje. Huwasilisha ritani za miaka mitatu iliyochelewa, taarifa za akaunti za benki za nje za miaka sita, na fomu 14653 ambamo hueleza kwa maneno yake kwa nini hakuwasilisha. Sharti ni kwamba katika mwaka mmoja angalau kati ya mitatu hiyo awe amekaa nje ya Marekani siku 330 kamili na hakuwa na makazi kule. Akikubalika hatozwi adhabu, ila atalipa ushuru na riba kama anadaiwa. Maelezo ya fomu 14653 ndiyo moyo wa jambo hili. Yaandikwe kwa ukweli na kwa kirefu, yakitaja lini mtu alirudi, alikuwa akifanya kazi gani, na alijuaje baadaye kwamba anatakiwa kuwasilisha, kwa kuwa sentensi moja isemayo kwamba hakujua haitoshi. Ritani hizi hutumwa kwa karatasi, kwa hivyo risiti ya posta au ya kampuni ya vifurushi itunzwe, na nakala yake iambatanishwe na I-864 ikiwa muhtasari wa IRS haujapatikana.

Taarifa ya akaunti za nje, maarufu kama FBAR, si sehemu ya ritani na haitumwi IRS. Huwasilishwa kwa mtandao kwenye mfumo wa FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa fedha. Humhusu kila raia ambaye akaunti zake zote za nje zikijumlishwa zilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, hata kama zilirudi chini kesho yake. Akaunti ya pamoja na mke huhesabiwa yote. Watu wa kwetu husahau zaidi akaunti wanazozitilia sahihi bila kuzimiliki, kama vile mweka hazina wa msikiti, wa madrasa au wa kikundi cha wavuvi. Fedha si zako, lakini sahihi ni yako, na akaunti hiyo hutajwa. FBAR haitakiwi ubalozini, bali ni sehemu ya kujiweka sawa.

Kupata muhtasari kutoka IRS

I-864 hukubali ama nakala ya ritani ama muhtasari rasmi wa IRS, unaoitwa transkripti. Mwenye transkripti hahitaji kuambatanisha fomu W-2, inayotolewa na mwajiri wa Marekani kuonyesha mshahara. Mwenye nakala ya ritani huambatanisha W-2, fomu 1099 za kipato kingine na majedwali yote. Transkripti ni bure, na asije mtu akakulipisha kwa karatasi yenyewe. Njia ya haraka ni akaunti ya mtandaoni ya IRS, ambayo huthibitisha utambulisho kupitia ID.me kwa pasipoti, picha ya uso, na pengine mazungumzo ya video, kwa hivyo tafuta mahali penye mtandao usiokatika. Nyingine ni fomu 4506-T au ombi la kutumiwa kwa posta.

Posta ina mtego wake. Transkripti hutumwa kwenye anwani ya mwisho ambayo IRS inaijua, na aliyeondoka Marekani miaka mingi nyuma huenda barua yake ikaishia katika nyumba aliyopanga zamani. Badili anwani kwanza kwa fomu 8822, ukitumia sanduku la posta, kwa kuwa mitaa ya Mkomani au Langoni haina nambari za nyumba ambazo mfumo wa kule unaweza kuzielewa. Msimbo wa Lamu ni 80500 na wa Malindi ni 80200.

Anayefanya kazi hii kwenye saiba asiache nyuma nakala yenye nambari yake ya hifadhi ya jamii. Chukua faili kwa kifaa chako, futa kilichobaki kwenye kompyuta, na usimtumie mwenye saiba kwa WhatsApp ili akuchapishie.

Kiasi kinachotakiwa, na nyumba ya urithi

Kiwango cha I-864 ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka na serikali ya Marekani na kuwekwa katika fomu I-864P. Kwa mwaka wa 2025 watu wawili walihitaji dola 26,437, na kila aliyeongezeka aliongeza dola 6,875. Alaska na Hawaii zina viwango vyao vya juu zaidi. Idadi ya watu haihesabiwi kwa walio chini ya paa moja tu. Watoto wote wa mdhamini walio chini ya miaka 21 na hawajaoa wala kuolewa huhesabiwa, hata anayeishi na mama yake Malindi kutoka ndoa ya zamani, na pia yeyote ambaye mdhamini alishawahi kumdhamini na mkataba wake bado haujaisha. Kumsahau mtoto mmoja hufanya hesabu yote iwe pungufu.

Kipato kisipotosha, mali huweza kuziba pengo. Kwa mume au mke wa raia, thamani ya mali iwe mara tatu ya pengo. Mwalimu wetu wa Malindi asiye na kipato kitakachoendelea ana pengo zima la dola 26,437, na atahitaji mali ya dola 79,311 baada ya kuondoa madeni, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni zaidi ya shilingi milioni 10. Mali ya mwenzake anayehama pia inakubalika. Mali yoyote iwe inaweza kugeuzwa fedha ndani ya miezi 12, na kama iko nje ya Marekani, fedha zake ziweze kuhamishwa.

Hapa ndipo nyumba za Lamu zinapoleta kazi. Nyumba ya mawe ya ukoo inaweza kuwa na thamani kubwa sokoni, lakini ikiwa bado ni mirathi isiyogawanywa, mdhamini ana fungu lake tu, na fungu hilo haliuziki kwa urahisi bila ndugu kukubali. Nyumba ya wakfu haihesabiwi kabisa, kwa kuwa haiuzwi. Kiwanja kinachotegemea makubaliano ya mauziano yaliyoandikwa mbele ya mashahidi, bila hatimiliki, ni vigumu kumridhisha afisa. Kinachosimama imara ni hatimiliki yenye jina la mdhamini au la mwenzake, ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, na uthibitisho kwamba haina deni la benki; na ikiwa hati yoyote imeandikwa kwa Kiarabu au Kiswahili, itafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri atie sahihi kwamba ana ujuzi na tafsiri ni sahihi. Gari la pekee la mdhamini halihesabiwi kuwa mali, sharti ambalo mtu wa kisiwani hana haja ya kulisoma mara mbili.

Nyumba ya kupangisha Malindi ni bora zaidi kama chanzo cha kipato kuliko kama mali ya kuuzwa, kwa sababu kodi yake itaendelea kuingia hata mwenyewe akiwa Marekani. Lakini iwe imetajwa katika Jedwali E la ritani, na kilichobaki baada ya gharama na uchakavu ndicho kitakachosomwa. Upande wa Kenya, mwenye kodi ya makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote kila mwezi kwenye iTax, na risiti hizo ni ushahidi mzuri kwamba kodi hiyo ni ya kweli. Anayepokea kodi mkononi bila kuitangaza kokote hana kipato cha kuonyesha, hata kama mtaa mzima unamjua mpangaji wake.

Ikiwa vyote havitoshi, hutafutwa mdhamini mwenza, raia au mwenye kadi ya kijani anayeishi Marekani, aliyetimiza miaka 18, ambaye hujaza I-864 yake na kuambatanisha ritani yake na uthibitisho wa uraia au ukaazi. Ajue kabisa kwamba anafungwa na mkataba uleule. Mdhamini mkuu bado hujaza yake, pamoja na ushuru wake, hata kama haina kipato chochote.

Makao, na karatasi za KRA

Mdhamini mwenza haondoi sharti la makao. Mwenye ombi awe na makao Marekani, au aonyeshe kwamba anayarudisha kabla ya mwenzake kuingia au siku ileile. Ushahidi ni mkataba wa nyumba au barua ya ndugu atakayempokea, akaunti ya benki iliyo hai, usajili wa mpiga kura, barua ya kazi, maombi ya shule za watoto, na tiketi. Anayepanga kumtanguliza mke na kubaki Lamu mwaka mzima hatimizi sharti hili. Mwenye kadi ya kijani anayeishi huku ana hatari zaidi, kwa kuwa akiwasilisha ritani kama asiye mkaazi wa Marekani anaweza kuhesabiwa kuwa ameitupa kadi yake.

Karatasi za KRA hazichukui nafasi ya ritani ya Marekani, ila huiunga mkono. P9 huthibitisha mshahara na PAYE, risiti ya ritani kutoka iTax huthibitisha tarehe, na taarifa ya benki huonyesha fedha zikiingia. Majina ndiyo ya kuangaliwa. PIN ya KRA hufuata kitambulisho, ambacho mara nyingi kina majina matatu au bin na binti, ilhali pasipoti ya Marekani huenda ina mawili, na ritani hufuata kadi ya hifadhi ya jamii. Andika barua moja inayotaja namna zote ambazo jina lako limeandikwa na karatasi ipi ina ipi, kisha iweke mwanzoni mwa faili.

I-864 haihitaji kugongwa muhuri wa wakili, lakini iwe toleo linalotumika siku unayoitia sahihi, na tarehe ya toleo huchapishwa chini ya kila ukurasa. Ikiwa ritani ya mwaka mpya imewasilishwa baada ya NVC kuipokea faili, mwenzako aibebe Nairobi pamoja na barua mpya ya mwajiri na taarifa za benki za miezi ya karibuni. Afisa akiona karatasi imepungua hutoa barua ya kukataa kwa muda chini ya kifungu cha 221(g), inayotaja kinachotakiwa, na mwombaji ana mwaka mmoja tangu siku hiyo kukileta kabla hajalazimika kuomba na kulipa upya. Tuma kilichotajwa chote kwa mara moja, kwa njia iliyoandikwa kwenye barua hiyo, na ubaki na nakala.